Sauti Zote Alizofungua Widad

Widad hushona vitundu vya vifungo kwa mkono. Anasema cherehani huvishona kama mtu anayetema mate. Hapa Mahalla, mji wa viwanda vya nguo ambao kila nyumba ina mtu aliyewahi kula mkate wa pamba na nyuzi, mafundi wanaoweza kugeuza kola ya shati lililochakaa usijue kama limeguswa hawazidi kumi, naye ni mmoja wao. Naanza na hilo makusudi, maana watu wakimtaja huanza na masikio yake.

Ndiyo, ni kiziwi. Homa ilimpata kabla hajajua kutembea vizuri, na sasa ana miaka arobaini na moja. Shuleni alikaa miaka minane akifundishwa kutamka "ba" huku mwalimu amemshika koo. Alipozungumza na wenzake kwa alama, rula ilimtua vidoleni. Alitoka pale akiwa na maneno machache ya kuandika, na hakuna aliyeona haya, si mwalimu wala wizara. Mwandikie barua ya Kiarabu cha ofisini uone: anaitazama kama mtu aliyepewa funguo za nyumba ya jirani. Lakini mbele ya mtu anayejua lugha ya alama, Widad ana ulimi mkali kuliko muuza samaki. Najua kwa sababu wazazi wangu wote wawili ni viziwi, na lugha hiyo niliijua kabla ya Kiarabu. Kila mtu kampa jina la alama. Bwana Shawki, kiongozi wa kundi letu, ni vidole viwili vinavyochana masharubu yasiyokwisha.

Anaishi chumba cha mbele katika nyumba ya kaka yake Gaber. Mke wa Gaber, wifi yake Ibtisam, ndiye mlango wa biashara. Mteja akibisha, Ibtisam hupokea nguo, husikiliza maelezo, hupatana bei, kisha huingia ndani na kumwonyesha Widad vidole viwili na uso uliokunjwa. Mara mbili Widad ameharibu nguo ya mtu kwa sababu Ibtisam alisahau nusu ya maelezo. Mara zote mbili nilimsikia Ibtisam mlangoni: "Utanisamehe, dada, si unajua tena, kiziwi yule."

Kwa hiyo manispaa ilipotangaza kwamba soko jipya lina vizimba vitatu vya watu wenye ulemavu, na kwamba kundi letu ndilo litakalopeleka majina, Widad hakulala vizuri wiki nzima. Alikata ubao, akaushonea vipande vya nguo: kola ya aina tano, zipu, mikono mirefu na mifupi, vifungo vya kila ukubwa. Mteja angenyoosha kidole tu. "Nataka waniangalie mimi wanapozungumza na mimi," aliniambia. "Hicho tu. Wakinitukana, wanitukane usoni." Jina lake likawekwa la tatu kwenye orodha ya mwanzo, katika kizimba namba kumi na nne.

Sasa niwaeleze kundi lenyewe. Ni kundi la WhatsApp la watu themanini na sita, Mkono kwa Mkono, na lilianzishwa kwa nia njema kabisa. Wamo wasioona, viziwi, watu wa viti vya magurudumu, wengine ambao miili yao hutii amri pole pole, na mimi, mwanafunzi wa chuo nisiye na ulemavu, niliyemo kwa ajili ya wazazi wangu. Kila asubuhi kuna picha za maua na vikombe vya chai za kutakiana siku njema, na kila asubuhi simu za wasioona huwasomea kwa sauti: picha, picha, picha, picha. Viziwi hutuma video zao za alama. Wasioona hutuma ujumbe wa sauti. Shehe Khalaf, mwalimu wa Kurani asiyeona, hawezi kusema "nimeuona ujumbe wako" chini ya dakika tano. Na Hilmi, ambaye mikono yake hurukaruka, huandika kwa kifundo cha kidole kimoja, na simu hutuambia "anaandika" mpaka chai inapoa.

Kila mmoja anahitaji kitu kinachomkwaza mwenzake. Hilo si kosa la mtu. Kosa ni kuliona na kujifanya hulioni, halafu ukatunga sheria.

Bwana Shawki ndiye aliyeitunga. Yeye hutembea kwa kiti cha magurudumu. Ana macho, ana masikio, ana mikono, na sauti ya redio. Alipigana na manispaa miaka mitatu mpaka wakajenga njia ya mteremko mlangoni pao, na heshima hiyo siwezi kumnyang'anya. Lakini kundini alichoka kungoja majibu. Akasema: uamuzi ukitolewa, mtu ana saa moja ya kupinga. "Kama bibi harusi mbele ya kadhi," alisema kwa sauti, akicheka. "Akinyamaza, amekubali." Wenye masikio wakacheka naye.

Kuna jambo jingine ambalo Shawki hakulijua, wala mimi sikulijua, na naona aibu kuliandika. Mwaka wa kwanza wa kundi, mtu mmoja alimwandikia Widad: "Mbona sauti zetu huzifungui? Unatudharau?" Kwenye simu, sauti isiyofunguliwa huwa na alama ya kijivu, ikifunguliwa inakuwa ya bluu, na huyo mtu alikuwa akihesabu rangi. Widad aliumia. Tangu siku hiyo, kila ujumbe wa sauti ukiingia, yeye huufungua. Huiweka simu juu ya meza, hungoja ile mistari midogo ifike mwisho, kisha hutuma ua moja, waridi jekundu. Ni adabu, kama unavyosimama jeneza la mtu usiyemjua linapopita. Amefanya hivyo miaka miwili. Hotuba zote za Shehe Khalaf, malumbano yote, mizaha yote, hata ule wa bibi harusi: amevifungua vyote na kutuma waridi.

Alhamisi moja baada ya adhuhuri, Shawki akatuma sauti ya dakika sita. Dakika nne za mwanzo zilikuwa salamu na shukrani. Kisha: "Orodha ya mwisho inatakiwa Jumapili. Dada yetu Widad tunampenda, lakini kizimba ni maneno, ni wateja, na yeye atahangaika. Napendekeza namba kumi na nne apewe Shehe Khalaf auze tasbihi, misahafu na udi. Anayepinga aseme ndani ya saa moja."

Mimi niliiona sauti ile. Dakika sita za Shawki! Nikaiacha nikaendelea kula koshari. Nami nikahesabiwa kuwa nimekubali.

Widad aliifungua. Simu ikawa juu ya meza ya cherehani, ikitangaza chumba kizima jinsi anavyonyang'anywa kizimba chake, na Ibtisam alikuwa pale pale anakunja mashati. Mistari ikafika mwisho, naye Widad akatuma waridi.

Baada ya saa moja Shawki akaandika: "Imepita bila kupingwa." Dakika kumi na moja baadaye likaingia neno moja la Hilmi: "Hapana." Shawki akamjibu kwa uso wa kucheka: "Umechelewa, bwana mkubwa!"

Jumapili asubuhi, ambayo kwetu ni siku ya kazi, Widad alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akachukua kitambulisho na ubao wake, akaenda manispaa kutia saini. Karani alipitisha kidole kwenye orodha, akatikisa kichwa, akamwonyesha jina la Shehe Khalaf lililokuwa mahali pake. Aliondoka pale hadi kwangu kwa miguu. Sijapata kumwona vile. Aliniwekea simu usoni.

"Tafuta," akasema kwa mikono. "Jina langu limeanguka wapi?"

Nikatafuta. Nikaisikiliza ile sauti mara ya kwanza, mbele yake, nikimtafsiria neno kwa neno. Nilipofika kwenye "atahangaika" mikono yangu ilitaka kulilainisha. Akanipiga kofi mkononi.

"Usinipikie. Nipe mbichi."

Nikampa mbichi. Akateremsha skrini mpaka kwenye ua lake.

"Na hili nililipeleka mimi."

"Hukujua."

"Nilimtumia waridi," akasema. "Amenitoa nyumbani kwangu, nikamtumia waridi."

Tulirudi kwao. Ibtisam alikuwa anachambua majani ya mlukhiya. Nikamuuliza kama alisikia chochote Alhamisi. Hakunyanyua kichwa.

"Nilisikia."

"Ukamwambia?"

"Nimwambie vipi? Kwa vidole viwili? Na akienda sokoni, nani atanishonea nguo za wateja wangu?"

Wateja wangu, alisema. Nilimtafsiria Widad hilo nalo, likiwa bichi.

Yeye hakumtazama wifi yake. Alizima cherehani, akazima feni, akaniambia nishike simu nimpige video. Alizungumza dakika nne. Alieleza koo lake mikononi mwa mwalimu, akaeleza ubao, akaeleza mistari midogo ya sauti ambayo ameingoja ifike mwisho kwa miaka miwili kama mjinga anayengoja treni kwenye ukuta. Mwisho akasema: "Napendekeza Masharubu aondoke kwenye uongozi leo." Akanikataza kutafsiri hata herufi. Chini yake niliruhusiwa kuandika sentensi moja: "Anayepinga aseme ndani ya saa moja."

Viziwi saba wa kundi walituma makofi ya mikono papo hapo. Wengine wakatuma salamu. Shawki mwenyewe alituma dole gumba. Shehe Khalaf alituma sauti akiuliza kama kuna mtu amekaa juu ya simu, maana hasikii kitu. Saa ilipotimia Widad akaandika mwenyewe, kwa Kiarabu chake: "Wote sawa. Hakuna hapana. Shawki toka."

Nilipoiweka tafsiri, simu yangu ilikaribia kulipuka.

Jumatatu jioni tulikutana kwenye chumba ambamo kundi hukutania, karibu na kinu cha zamani cha pamba. Shawki alikuwa amekwisha kuwa mwekundu kabla sijaketi.

"Huu ni utoto!" alisema. "Kunidhihaki mbele ya watu, mimi niliyewajengea njia ya mteremko! Haya, tazameni hapa. Bluu hii. Aliifungua au hakuifungua? Na akaleta waridi! Mlitaka nimtume malaika amuulize mara ya pili?"

"Ulimuuliza kiziwi kwa sauti, bwana Shawki," nikamwambia. "Ungekuwa wewe, mkutano ukafanywa ghorofa ya nne bila lifti, halafu wakasema Shawki hakuja, basi amekubali, ungesemaje?"

"Usinifundishe ulemavu, kijana. Wewe una miguu na masikio."

Hapo alikuwa na haki. Lakini Shehe Khalaf, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, akageuza uso kuelekea kwenye mlio wa kiti cha Shawki.

"Mimi simu iliniambia, 'Widad, waridi jekundu.' Nikasema alhamdulillahi, mwanamke ana moyo mkubwa. Nikamwombea dua, wallahi, rakaa mbili kamili."

Nikamtafsiria Widad.

"Mwambie dua imefika," akajibu. "Kizimba ndicho hakijafika."

Shehe akacheka kidogo, kisha akakasirika. "Na yeye je? Ananitumia video. Mimi nasikia nini mle? Trrr, trrr, cherehani na feni! Miaka miwili nasikilizishwa cherehani. Nilidhani anatangaza biashara. Nani aliwahi kuniambia kwamba mle ndani kuna maneno?"

Nilipomaliza kutafsiri, Widad alimkodolea macho mzee yule.

"Hakujua kwamba nasema?"

"Hakujua."

"Na mimi nilikuwa naona mistari yake ikipanda na kushuka. Nilidhani ni mtu wa kufoka."

Watu wakacheka, naye Shehe akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Miaka miwili! Watu wawili wanatakiana asubuhi njema kila siku, kila mmoja akimdhania mwenzake mambo, na katikati yao themanini na wanne tulioweza kusema neno. Mimi nikiwa wa kwanza, maana lugha zote mbili nilikuwa nazo mfukoni.

Hilmi alitaka kusema. Kichwa chake kilianza kwenda upande, mdomo ukitafuta herufi.

"Mi... mi..."

"Hilmi anasema yaishe tu," akadakia Shawki.

Hilmi akapiga meza kwa kiganja. Glasi ya chai ikaanguka.

"Mi-mi-ni-li-se-ma-ha-pa-na." Ilimchukua muda, na safari hii kila mtu alingoja. "Sa-a-mo-ja-kwa-ko-ni-ne-no-mo-ja-kwa-ngu."

Shehe Khalaf akasimama. "Kizimba cha mtu sikikalii," akasema. "Andika barua, Shawki. Nitaweka dole gumba langu."

Shawki aliandika barua palepale, akaikunja, akaitia kwenye bahasha na kuibandika. Nilipaswa kuiomba niisome. Nilidhani ameshindwa, na mtu aliyeshindwa huwa hana hila. Ndivyo vitabu vya chuo vinavyokufanya.

Jumanne tulikuwa manispaa watu watatu: Widad, Shehe na mimi. Foleni ilikuwa ndefu na dirisha moja tu limefunguliwa. Karani alifungua bahasha, akasoma kwa sauti ya kuchoka: "...kizimba namba kumi na nne kirejeshwe kwa Widad, chini ya ulezi wa kaka yake Gaber, atakayetia saini na kuwajibika kwa niaba yake."

Mikono yangu ikasimama hewani. Widad hakuhitaji tafsiri. Aliinama dirishani, akaona lile neno kwenye karatasi. Maneno ya kuandika anayoyajua ni machache, lakini "mlezi" analijua. Limeandikwa kwenye kila karatasi ya maisha yake, ya shule, ya hospitali, ya mirathi ya baba yake.

Alichukua kalamu ya karani kutoka mkononi mwake. Akakata mstari wote, mara mbili, akaandika jina lake pembeni.

"Hee! Mama! Umeniharibia barua!" karani akafoka. "Haipokelewi hii! Mwambieni haipokelewi!"

Nikamwambia. Akakunja mikono kifuani, akabaki pale pale dirishani.

Nyuma yetu foleni ikaanza kelele. "Sogea wewe!" "Ana nini huyu?" "Mtoeni mwendawazimu huyo, tuna kazi!" Walimtukana kwa nguvu zao zote, naye hakuwapa hata kisogo kilichotikisika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasikia yote, nikageuka nikaanza kujibizana nao kama mlevi wa sokoni, mpaka Shehe aliponishika bega.

"Acha, kijana. Nipeleke dirishani." Nikampeleka. Akakipapasa kioo, akainama. "Mwanangu karani, unaniona?"

"Nakuona, Shehe."

"Mimi sikuoni. Juzi mlinipa kizimba hiki hiki. Mliniandikia mlezi?"

"Hapana, Shehe."

"Siwezi kuiona barua wala fedha wala mwizi. Huyu anaona vyote vitatu. Basi ama uniandikie na mimi mlezi, nikae chini hapa nimngoje aje, ama upokee hiyo barua ilivyokatwa." Na hakungoja jibu. Akajikunja, akakaa sakafuni mbele ya dirisha, kilemba na fimbo na vyote, katikati ya foleni.

Mtu wa kwanza kunyamaza alikuwa yule aliyesema mwendawazimu. Karani akainua simu, akaongea na bosi wake kwa sauti ya chini, akakata. Akamtazama Widad. Kisha akasukuma barua chini ya kioo na kumwonyesha kwa kidole mahali pa saini, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu. Widad akatia saini. Shehe akainuliwa ili aweke dole gumba lake. Muhuri ukapigwa.

Msiniambie mambo yameisha vizuri. Mwanamke mwenye miaka arobaini na moja na mikono kama ile hapaswi kuhitaji mzee asiyeona akae sakafuni ndipo aruhusiwe kushona kola. Shawki bado ni kiongozi. Alisema ulezi aliuandika "kwa nia njema," na wako wanaomwamini. Kundini muda sasa ni siku mbili, na sauti zikiingia naziandika kwa maneno mafupi, na video za viziwi nazisomea wasioona. Nikiwa na kazi nyingi zinarundikana, na mara nyingine nakuta mtu amelumbana peke yake siku nzima.

Soko lilifunguliwa baada ya Idi. Nilifika nikakuta Widad amekwisha kutundika ubao wake, na Ibtisam amesimama mbele ya kizimba, ameshika shati la mteja wa kwanza, akimweleza yule bwana kwamba dada huyu ni kiziwi, maskini, aseme tu na yeye anachotaka. Widad alitoka nyuma ya cherehani. Alilichukua shati mikononi mwa wifi yake, akamshika mabega yote mawili, akamsogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti kilichoziba mwanga. Halafu akamgeukia yule bwana, akagonga ubao kwa kidole, akangoja.

Yule bwana akamtazama Ibtisam. Akamtazama Widad. Akanyoosha kidole kwenye kola ya tatu.